Ng'ombe na Ritifaa Yake

Programu yangu iliwahi kukwamishwa na ng'ombe. Mnyama mwenyewe hakuwa na kosa. Ni neno lililokwamisha. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kukusanya taarifa za minada ya mifugo. Kila baada ya mnada karani anatuma faili moja, programu inalihamishia kwenye folda ya wiki hiyo, mwisho wa mwezi inajumlisha. Ilikwenda vizuri hadi karani mmoja alipoliita faili lake "mauzo ya ng'ombe". Programu ikagoma.

Chanzo hakikuchukua muda kuonekana. Nilikuwa natunga amri ya kuhamisha faili kwa kubandika maneno: amri, kisha jina la faili, kisha jina la folda. Kwa kuwa nilijua watu huacha nafasi kwenye majina, nilizungushia kila jina alama za kunukuu (') ili lisikatike vipande. Sasa ile ritifaa ya ng' ina sura ileile ya alama ya kunukuu. Kompyuta ilisoma "mauzo ya ng", ikakutana na ritifaa, ikadhani nukuu imefungwa. "Ombe" ikabaki nje, haina mwenyewe. Na ile alama ya mwisho niliyoiweka ifunge, ikafungua nukuu nyingine isiyofungwa na mtu.

Nikampigia karani simu.

"Shikamoo mama. Nilikuwa naomba, kwenye majina ya mafaili usiweke ile alama ya juu."

"Marahaba mwanangu. Alama ipi?"

"Ile ya kwenye ng'ombe."

Akanyamaza kidogo. "Sasa niandike ngombe? Ngombe ndiyo nini?"

Nilikosa jibu. Ukiondoa ritifaa, ng ile inatamkwa kama ya ngoma, na ngombe si kitu. Mama yule alikuwa ameandika kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa namwomba aharibu neno lake ili uzembe wangu usionekane.

Na uzembe wenyewe ulikuwa na tiba siku zote. Karibu kila lugha ya programu huja na maktaba sanifu, yaani hazina ya funksheni ambazo mtu hazitungi mwenyewe. Anazikuta tayari, kama anayehamia nyumba akakuta kisima kimeshachimbwa. Miongoni mwake zimo zinazoshughulikia njia za mafaili: ya kuunganisha folda na jina, ya kutenganisha jina na kiambishi chake cha mwisho, ya kunyoosha njia yenye mizunguko. Ukizitazama unaona ni kazi ya mchana mmoja, na mimi nilizipuuza kwa sababu hiyohiyo. Baada ya kisa cha ng'ombe nikaanza kuzisoma, pamoja na maelezo yake na mabishano ya waliozitunga. Nilidhani nitakuta hesabu. Nikakuta maswali ya adabu.

Ugumu wa kwanza ni kwamba waliozitunga walikuta njia zimeshachorwa na wengine. Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1960, ilitenganisha folda kwa mkwaju (/). MS-DOS ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na folda kabisa. Folda zilikuja na toleo la pili mwaka 1983, na kufikia hapo mkwaju ulikuwa umeshachukuliwa kuonyesha vichaguzi vya amri, hivyo wakatumia mkwaju uliolalia upande wa pili. Kompyuta za Macintosh za zamani zilitumia nukta mbili za kusimama (:). Windows kwa miaka mingi imekataa faili liitwe CON au NUL, kwa kuwa enzi zile hayo yalikuwa majina ya vifaa. Na lile jambo la faili linaloanza na nukta kufichwa kwenye orodha, Rob Pike, aliyefanya kazi na wazee wa Unix, amewahi kusimulia kuwa lilitokana na njia ya mkato. Mtu alitaka kuficha nukta moja na nukta mbili, zile zinazomaanisha "hapa" na "folda ya juu", akaona kupima herufi ya kwanza tu kunatosha. Kila jina linaloanza na nukta likafichika pamoja nazo. Kazi ya dakika moja imekuwa mila ya nusu karne.

Anayetunga maktaba leo hana uwezo wa kuyafuta hayo. Anayapokea kama mtu anavyopokea shamba la urithi lenye mipaka iliyopinda, na bado watu wanamtazamia awape jibu moja lililonyooka.

Chukua funksheni ya kuunganisha. Ipe folda /ripoti na jina mei, itakurudishia /ripoti/mei. Hapo hakuna ubishi. Sasa ipe /ripoti kisha /mei, jina linaloanza na mkwaju, yaani linalodai kuanzia kwenye mzizi wenyewe. Lugha ya Python itakujibu /mei, na ile /ripoti imetupwa. Rust nayo hivyohivyo. Go itakujibu /ripoti/mei. C++ ilibadili mawazo njiani: ilipokuwa bado rasimu ya majaribio iliunganisha yote mawili, na ilipoingia rasmi kwenye toleo la 2017 ikawa inatupa la kwanza.

Kila upande una hoja. Python inasikiliza kama dereva wa bodaboda. Umemwambia twende Kariakoo, kabla hajawasha pikipiki ukasema twende Mwenge. Anaelewa kuwa safari imebadilika, wala hatafuti Mwenge iliyo ndani ya Kariakoo. Go inasikiliza kama fundi seremala. Umempa mbao mbili ukasema unganisha, naye ameunganisha. Ya kwamba ubao wa pili ulikuwa mlango wa nyumba nyingine si habari yake.

Weka sasa jina lililotumwa na mtu usiyemjua. Kwa Python, mwandishi anayedhani amewafungia wageni wote ndani ya /ripoti atashangaa siku mgeni atakapojiita /etc/passwd, jina la faili la mfumo wenyewe, na kutoka bila kuulizwa. Kwa Go, mgeni wa namna hiyo anabaki ndani, ila mtu mwema aliyekusudia kweli kuanzia kwenye mzizi anapelekwa mahali pasipokuwepo, tena kimyakimya.

Nimejaribu kuchagua upande, nimeshindwa, na nimeacha kuona haya kwa kushindwa huko. Nilichojifunza ni kwamba uzito wa uamuzi huu unakuja baadaye. Programu yangu ya minada nikiibadili leo, nawapigia simu makarani wangu wote kabla ya saa sita mchana. Aliyetunga funksheni ya maktaba hawezi kumpigia mtu. Kuna programu zinazotegemea jibu lake zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu, nyingine na watu waliokwisha kufa, na zinaendesha mishahara na hospitali. Ahadi aliyoitoa kwa haraka haivunjiki kirahisi hata akigundua kuwa aliitoa vibaya. Ndiyo maana nikisoma mabishano marefu ya watu wazima juu ya mkwaju mmoja, siku hizi sicheki. Wanajadili neno watakaloishi nalo, wao na wasiowajua.

Lakini swali lililonikaa moyoni zaidi ni la nukta mbili, ile alama ya kurudi juu.

Tuseme njia inasema /data/leo/.., yaani ingia data, ingia leo, kisha rudi nyuma. Mtu yeyote atasema umerudi data, na kwa macho ya maneno ni kweli. Tuseme sasa leo si folda halisi, ni kiungo, mlango ulioandikwa "leo" ambao ukiufungua unajikuta /hifadhi/2025/mei. Kutoka hapo, folda ya juu ni /hifadhi/2025. Data iko mbali huko. Njia ileile, nukta zilezile, na majibu mawili.

Jambo hili unaweza kulijaribu mwenyewe kwenye Linux kwa dakika mbili. Ingia kwenye kiungo cha namna hiyo kwa amri ya cd. Kisha andika ls na nukta mbili: utaonyeshwa yaliyomo katika folda ya juu ya mahali ulipofikia. Andika cd na nukta mbili: utarudishwa ulikotoka. Dirisha moja, sekunde chache kati ya amri na amri, na "nyuma" imekuwa sehemu mbili. Amri ya cd inakumbuka ulivyokuja. Ls inatazama ulipo. Mwaka 2000 Rob Pike aliandika makala nzima juu ya kuzipatia hizo nukta mbili katika mfumo wa Plan 9, na uamuzi wake ulikuwa kwamba kurudi ni kurudi kwa jina ulilojia. Ukimwuliza mtu aliyetembelea ukweni, "rudi nyumbani" ni nyumba ipi, nadhani atamwelewa Pike haraka.

Sasa funksheni ya kunyoosha njia ifanye nini? Go, inapounganisha, inanyoosha papo hapo: inaona leo na nukta mbili, inavifuta vyote viwili, inakurudishia /data. Inafanya hivyo kwa kutazama maneno tu, haijagusa diski. Python ina funksheni ya zamani inayofanya vilevile, na maelezo yake yanakuonya kuwa njia yenye viungo inaweza kubadilika maana. Mwaka 2014 Python ilipata maktaba mpya ya njia, pathlib, iliyopendekezwa na Antoine Pitrou, na humo wakachukua msimamo mwingine. Aina za njia zikagawanywa mbili. Ya kwanza inashughulika na maneno pekee, haifungui mlango wowote. Ya pili inaruhusiwa kwenda kwenye diski na kuuliza. Ile ya kwanza ukiipa /data/leo/.. inaziacha nukta zako kama zilivyo. Haijui leo ni nini, kwa hiyo haisemi.

Mgawanyo huo naupenda kuliko jambo lolote katika habari hii. Tunawajua watu wa aina mbili mjini unapouliza njia. Wa kwanza, ukimtajia mtaa hata asioujua, anaona aibu kusema hajui. Anakuelekeza kwa mkono, kwa uhakika, na unapotea ukiwa na shukrani. Wa pili anasema: mimi naweza kukusomea hicho kibao, ila huko sijafika, muulize yule mwenye duka. Wa pili hakusaidii kwa mbwembwe, lakini hakuna unachomdai jioni. Kusoma kibao na kuijua barabara ni vitu viwili, na maktaba nzuri inakuambia kwa jina la funksheni yenyewe ni kipi imekufanyia.

Kuna upande mwingine wa uaminifu huo, nao unanirudisha kwa mama wa ng'ombe. Kwenye Linux jina la faili si lazima liwe herufi zinazosomeka. Ni mfululizo wa baiti zozote, isipokuwa mkwaju na baiti ya sifuri. Faili lililotengenezwa kwenye kompyuta ya zamani lenye mpangilio mwingine wa herufi linaweza kuwa na jina ambalo kompyuta ya leo haiwezi kulisoma. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, ilikuwa imeamua kuwa maandishi yote ni herufi zinazoeleweka. Ukiiomba orodha ya mafaili kwenye folda, majina isiyoweza kuyasoma iliyaruka. Haikulalamika. Ilikupa orodha safi, pungufu.

Nikisoma hilo namwona mwalimu anayeita mahudhurio, na kila akifika kwenye jina la ukoo asiloweza kulitamka, analipita. Watoto hao wapo darasani, wamekaa na madaftari yao, ila kwenye rejista hawapo. Mwaka uliofuata, kwa pendekezo la Martin von Löwis, Python ilirekebisha: baiti isiyosomeka inafungwa ndani ya alama maalumu isiyogongana na herufi halisi, na faili likitakiwa kufunguliwa, baiti ileile inafunguliwa ilivyokuwa. Rust, ilipofikia toleo la kwanza mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi. Jina la faili ikalipa aina yake ya pekee, tofauti na maandishi ya kawaida. Ukitaka kuligeuza liwe maandishi, unalazimika kukiri kwamba huenda lisigeuke, na kusema utafanya nini likikataa. Wanaoanza Rust huona ni usumbufu.

Sisi tuna neno la jambo hili: amana. Mtu anakukabidhi bahasha iliyofungwa umpelekee ndugu yake. Hujui kilichomo, na hati ya juu imeandikwa kwa mkono usiousoma vizuri. Kazi yako ni kuifikisha ilivyo. Kuandika upya anwani kwa mwandiko wako mzuri, kwa jinsi ulivyodhani imesomeka, ni hiyana hata kama nia ilikuwa njema. Funksheni ya njia inabeba majina ya watu wengine. Inaruhusiwa kusema sielewi. Hairuhusiwi kurudisha kingine.

Asiyeshika tofauti ile ya kusoma kibao na kuijua barabara huadhibiwa hadharani. Oktoba 2021 seva ya Apache, toleo la 2.4.49, ilikutwa na tundu. Walikuwa wamebadilisha namna ya kunyoosha njia, na msimbo uliokagua nukta mbili haukuitambua nukta iliyoandikwa kwa namba yake badala ya sura yake. Mdukuzi aliandika nukta moja kwa sura, ya pili kwa namba, akapita mlangoni. Ndani, mtu mwingine akazisoma zote kama nukta. Wakatoa toleo jingine, nalo likapitika kwa kuificha namba ndani ya namba. Toleo la tatu likafuata baada ya siku chache. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa ni mafaili ya zip: jina lililomo ndani ya zip limebeba nukta mbili, na programu inayofungua inaliamini na kuandika nje ya folda iliyokusudiwa.

Kila mara dawa ya kwanza ni kukagua maneno kwa ukali zaidi. Lakini mgeni mwenye nia mbaya ana namna nyingi za kulisema jina lake kuliko bawabu alizonazo za kulisikia. Februari 2025, katika toleo la 1.24, Go ilileta kitu cha namna nyingine. Unafungua folda moja na kuitangaza kuwa ndiyo mzizi. Kuanzia hapo kila faili linafunguliwa kupitia folda hiyo, na hatua yoyote itakayotoka nje yake, kwa nukta au kwa kiungo, inakataliwa pale inapotokea. Mgeni hasomwi cheti mlangoni akaachiwa nyumba. Anasindikizwa. Lugha hiyohiyo inayonyoosha njia kwa kutazama maneno imekiri, miaka mingi baadaye, kuwa pale penye hatari inabidi mtu aende naye.

Programu yangu ya minada niliiandika upya. Majina sasa hayabandikwi ndani ya amri; yanapitishwa kwa funksheni za maktaba yakiwa mazima, na ritifaa, nafasi na nukta zake. Nilimpigia mama nikamwambia aandike ng'ombe anavyotaka. Akacheka, akasema hakuwa ameacha.

Miezi ikapita. Wiki moja nikafungua folda nikaona mafaili mawili: "mauzo ya ng'ombe" na "mauzo ya ng’ombe". Ilinichukua muda kuona tofauti. Moja lina ritifaa iliyosimama wima, kama ya kibodi ya kompyuta. La pili lina ritifaa iliyopinda, ile ambayo simu huiweka yenyewe unapoandika. Kwa msomaji ni neno moja. Kwa diski ni majina mawili.

Nikaona nimepata kazi ya maana. Nikaanza kuandika mstari mmoja wa kuzinyoosha ritifaa zote ziwe wima, ili jina moja liwe jina moja. Ulikuwa mstari mfupi, safi. Kabla ya kuuwasha nikaona nisafishe kwanza folda, nikampigia.

"Mama, umenitumia faili moja mara mbili. Nifute lipi?"

"Usifute, mwanangu! Wiki hii si ya Idi? Tulikuwa na mnada mara mbili. La kwanza niliandika ofisini, la pili umeme ulikatika nikatuma kwa simu."

Nikaurudia mstari wangu, nikausoma tena. Ungelinyoosha jina la pili, ukalilaza juu ya la kwanza, na mnada mzima wa kabla ya Idi ungetoweka bila kelele.

Nikaufuta.